Godoro la Kunyonya Mwangwi

Jioni ile Sikio alirudi kutoka duka la sponji mikono mitupu, amevimba kwa dharau. Jina hilo alijipa mwenyewe. Watu wengine wote, kwa hesabu zake, walikuwa na masikio ya kuning'inizia hereni tu.

"Eti ananiuzia sponji ya kuoshea vyombo!" alimwambia mkewe. "Chumba changu kina mwangwi. Kinataka kitu kizito, kinachonyonya sauti."

Akasimama katikati ya chumba chake cha muziki, akapiga kofi moja kukipima. Kofi likamrudia kutoka kila kona. Akasonya.

Ndipo alipolikumbuka godoro la pamba la marehemu mama yake, lililokuwa limesimamishwa stoo tangu mazishi. Dada yake alikuwa ameahidiwa kupewa, na jioni hiyo hiyo alikuja kulichukua. Alimkuta kaka mtu ameshika wembe.

"Kaka, nakuomba. Mama ameugulia hapo. Miezi yote ile alikuwa anakuita, na wewe umejifungia na miziki yako."

"Sikumsikia."

"Sasa sauti yake ilikwenda wapi?"

Sikio akacheka kwa pua. "Pamba ni pamba, bibi wee. Nenda kalie kwako."

Akalichana godoro mbele yake. Dada akaondoka analia, mkewe akamsindikiza. Sikio, bila haya, akaishindilia pamba kwenye fremu za mbao, akazifunika kitambaa, akaziegemeza kona zote nne. Akafunga mlango aliouzungushia mpira wa kuzuia sauti. Akapiga kofi.

Kimya.

Akatabasamu, mpumbavu yule, akaketi kitini. Harufu ikapanda... mafuta ya kuchua. Yale yale aliyokuwa akipakwa mama miguuni.

"Mwanangu..."

Akazitazama spika. Hakuwa ameziwasha.

"Mwanangu... maji."

Kona ya kushoto. Kisha ya nyuma yake. Kisha zote nne, polepole, bila hasira, sauti ya mtu asiyependa kusumbua.

"Nipe maji, baba... Upo hapo?"

Akaurukia mlango. Kitasa kikazunguka bure. Akapiga kelele hadi koo likawaka moto, lakini kelele zake hazikufika hata masikioni mwake mwenyewe.

Mkewe alikuwa amerudi. Alimwona kupitia kioo kidogo cha mlangoni, kioo alichokiweka Sikio ili watu wa nyumbani wampungie mkono badala ya kumgongea. Mke akaona mdomo unafunguka na kufungika, mikono inarushwa. Akajua mumewe anaimba. Akampungia mkono, akaenda zake jikoni.

Mlango ulifunguka asubuhi, kwa kuguswa tu.

Tangu hapo Sikio hajatoa sauti. Daktari amemkagua koo, hakuona kasoro. Dada aliikusanya pamba yote, akalishona godoro upya, akalipeleka kwake. Ndilo analolalia. Kila usiku huweka glasi ya maji upande wa ukutani, na anasema mama siku hizi ametulia.

Upande wa pili wa godoro kuna sauti ya mwanamume... anagonga, anaomba afunguliwe.

Dada anamsikia vizuri kabisa. Anajifunika shuka, anageukia ukutani.