Cherehani Tatu za Kuazima

Kila alasiri akitoka shule, Sindano alivua viatu mlangoni, akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya shangazi yake, ndipo akala. Jina hilo alipewa na shangazi huyohuyo kwa ajili ya wembamba wake na ulimi wake unaochoma. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea, cha nyuma cha kulala. Cherehani yenyewe ilikuwa moja tu, kuukuu, na mkanda wake ulilia kama mbuzi mwenye njaa.

Siku moja alikuta cherehani nne.

"Leo usifagie," shangazi alisema bila kumtazama. "Chukua hivyo vipande uvimwage chini ya hizo nyingine."

Sindano alifanya alivyoambiwa. Alipouliza kulikoni, alielezwa kwa mkato. Shangazi alikuwa na mchumba, fundi viatu wa nchi nyingine, ambaye shangazi alijuana naye alipokwenda huko kununua vitambaa. Walitaka aje kuwajua ndugu kabla ya ndoa. Ili mgeni apewe viza ya matembezi, mwenyeji wake alitakiwa athibitishe kwamba ana uwezo wa kumlaza na kumlisha mpaka aondoke. Shangazi akaingiwa na hofu. Nani angeamini kwamba cherehani moja italisha watu watatu kwa miezi mitatu?

Ndipo jirani wa duka la fotokopi alipojitia kati. Watu walimwita Wakili, ingawa sheria pekee aliyoijua ni ile ya kutokopesha. Alimwandikia shangazi barua ya ombi, akadai humo kwamba shangazi ana karakana kubwa yenye mafundi, kisha akamwazimia cherehani tatu mbovu kutoka stoo ya rafiki yake. Sasa afisa wa uhamiaji angefika kukagua, na siku yenyewe hawakuijua.

"Ukiulizwa, sema mafundi wametoka kula," shangazi aliagiza.

"Na tukigundulika?"

"Atanyimwa viza, na mimi sitaaminiwa tena. Sijui kama nitaonana naye tena."

Tangu hapo raha ikahama nyumba ile. Shangazi, aliyezoea kushona huku akiimba, sasa alishona kimya, na kila viatu vilipokaribia mlango mguu wake uliganda juu ya pedali. Sindano hakupenda kubaki peke yake na zile cherehani tatu. Zilikaa tu pale pembeni, hazifanyi kazi, hazisemi, kama wageni waliokuja kusubiri msiba. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Afisa alikuja mawingu yakiwa yametanda. Alikuwa mama mfupi mwenye mkoba mweusi na sauti ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Sindano zaidi. Aliuliza mafundi wako wapi. Shangazi akajibu kwamba wametoka kula. Yule mama aliitikia tu, akainama kutazama vipande vilivyokuwa sakafuni, kisha akajaribu kuzungusha gurudumu la cherehani moja. Halikusogea.

"Mwanangu," alimgeukia Sindano, "ukimsaidia shangazi yako, hukalia cherehani ipi?"

Sindano alimtazama shangazi. Akisema kweli, huenda akamvunjia ndoa. Akidanganya, kesho ataulizwa jingine, na keshokutwa jingine tena.

"Hii moja tu," alisema. "Hizo tumeazima. Vipande nilivimwaga mimi."

Shangazi akaketi, akalia. "Ni kweli, afisa. Niliuonea haya umaskini wangu."

"Kutu niliiona mapema," afisa alisema. "Ningeondoka na jibu lako la kwanza, ombi lako lingeishia hapo, na la mwaka ujao lingekuwa gumu. Haya, niambie ulicho nacho kweli."

Shangazi akajifuta machozi. Alikuwa na kazi ya kushona sare za shule mwaka mzima, akiba ndogo benki, na kitanda cha ziada. Afisa alimweleza kwamba mwenyeji hatakiwi kuwa tajiri, anatakiwa ammudu mgeni wake. Alimshauri aandike upya, aombe wiki mbili badala ya miezi mitatu. Hakuahidi kitu, akaenda zake.

Shangazi aliandika hivyo, wakangoja kwa wasiwasi mkubwa, na cherehani za watu zikarudi stoo. Hatimaye viza ikatoka.

Mchumba alipoingia, hata hakuketi kwanza. Alitoa mfukoni mkanda mpya wa cherehani, akauliza, "Yuko wapi yule mbuzi anayelia, uliyenisimulia?"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamwisha. Akamvuta Sindano kwake.

"Huyu mchumba wangu alijua tangu zamani kwamba nina moja, na bado akaja," alisema. "Mimi ndiye niliyeionea haya cherehani inayotulisha. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, nami nilikuwa nimefika mwisho wake uliponirudisha. Usiache kusema kweli, hata mtu mzima akikuagiza vingine."

Sindano akachukua ufagio, maana vipande vilikuwa vimejaa chini ya cherehani.