Kijiti cha Nyanya Wakesho

Kijiti cha nyanya yangu, Wakesho, bado kimesimama kando ya mfereji wetu hapa Wusi. Alikitumia kugawa maji. Kivuli chake kikifika kwenye jiwe aliloliweka chini, zamu ya shamba moja imekwisha. Nikiwa mdogo tulikaa pale pamoja, tukila viazi vitamu na kungoja kivuli. Siku hizo mfereji ulijaa kutwa.

Nyanya hayupo tena, na chemchemi imepungua. Maji hukusanyika usiku kwenye bwawa dogo. Asubuhi hutoka kwa nguvu, mchana hudondoka tu. Baba mdogo, Mwandawiro, humwagilia asubuhi kwa masaa matatu. Mama humwagilia mchana, masaa matatu pia. Mwaka huu maharagwe ya baba mdogo yalistawi. Yetu yalianza kunyauka.

"Shemeji, unaniibia maji!" Mama alisema. "Kesho naenda kwa chifu."

"Mama Daisy, masaa yetu ni sawa. Ama nimeiba kivuli?" baba mdogo akatania.

Mama hakucheka. Niliogopa familia itavunjika. Nikamwendea Syokau, afisa wa kilimo.

Alikuja na debe, akalikinga kwenye mfereji. Mchana lilijaa kwa sekunde arobaini. Kesho yake asubuhi, sekunde kumi.

"Mnagawa nini?" aliuliza.

"Maji," Mama akajibu.

"Hapana, mnagawa muda. Vitu vingi tunavyopima vimejengwa kwa mambo matatu: urefu, muda, na tungamo, ile tunayopima kwa kilo. Nafasi ya maji ndani ya debe ni urefu mara upana mara kina. Vyote vitatu ni aina ya urefu. Muda haumo. Basi muda peke yake utakuwaje maji?"

"Kwani nyanya alikosea?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"La. Zamani mtiririko ulikuwa mmoja kutwa, basi muda sawa ulitoa maji sawa. Mtiririko ni maji kwa muda, yaani madebe mangapi kwa saa. Ukizidisha kwa masaa, muda unafutika, yanabaki maji."

Akapiga hesabu mchangani. Masaa matatu ya asubuhi, madebe elfu moja na themanini. Ya mchana, mia mbili na sabini.

Baba mdogo alivua kofia. "Pole, Mama Daisy. Sikujua. Asubuhi ya kesho ni yako. Tutapishana zamu kila siku."

Maharagwe yetu yaliinuka. Debe sasa huning'inia kwenye kijiti cha nyanya. Jana Mama alileta sufuria ya maharagwe mapya yaliyochemshwa kando ya mfereji. Tulikula na baba mdogo pale pale. Kivuli kilipita jiwe, na hakuna aliyekiangalia.