Honi Iliyonyamazishwa

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na watu wa kiwanja cha ndege, kwa sababu kila alasiri alipofika pale, mdomo ulikuwa umeshatangulia. Mguu ungali getini, maneno yamekwisha ingia bandani. Alikuwa darasa la sita, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpokea, alimsubiri mama yake papo hapo, akifanya kazi za shule juu ya pipa lililopinduliwa, akiuliza maswali mpaka mafundi wakajifanya viziwi.

Mama yake alikuwa rubani. Alirusha ndege ndogo ya injini moja, iliyokwenda na dawa na kurudi na wagonjwa. Ndege ile ilikuwa na miguu ya kukunja. Ikisharuka, magurudumu yake matatu huingia tumboni ili iende kasi. Ikikaribia kutua, rubani hushusha swichi, magurudumu yakatoka, na taa tatu za kijani zikawaka mbele yake. Akisahau, akapunguza injini ili atue hivyo hivyo, honi hulia ndani ya ndege kwa kelele za kumuudhi hata maiti.

"Honi hiyo ni mama mkwe wangu," Mama alipenda kusema. "Inanikera, lakini ikiwepo, nyumba haiungui."

Aliyeitunza ndege ni mzee mwembamba aitwaye Fundi Spana. Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko chakula: ukichomoa kitu chochote ndani ya ndege, hata kidogo kama punje ya mtama, unatundika kitambaa chekundu mahali pake. Kabla ya kufunga kazi, alizunguka akitafuta vitambaa. Akikiona, kazi haijaisha. Asipokiona, ndege ni nzima. "Kichwa kinasahau, kitambaa hakisahau," alijigamba. Na kweli, hakijawahi kumwangusha. Ila kitambaa hakijitundiki chenyewe; sheria ile ilitegemea kwamba anayechomoa ni fundi.

Alasiri moja ndege ilikuwa imeinuliwa juu ya jeki, magurudumu yamekunjwa tumboni. Fundi Spana alikuwa ameshapima kila kitu, hata honi imelia vizuri, akaenda kunawa mafuta mikononi. Chiriku akatazama kushoto, akatazama kulia. Alikwisha ambiwa mara nyingi kwamba ndege iliyo juu ya jeki haipandwi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akapanda.

Akajikalisha kwenye kiti cha mama yake, akakunja uso kama mtu mzima. "Abiria wapendwa," akatangaza, "fungeni mikanda, na midomo pia." Kisha akawasha swichi ya betri.

Kwa kuwa magurudumu yalikuwa tumboni na injini imezimwa, honi ikalipuka. Kuzima betri tu kungetosha, lakini kiwewe hakina akili. Chini, karibu na goti, kulikuwa na safu ya vibonye vya fyuzi, naye alishamwona Fundi akichomoa kile cha honi siku aliyochoshwa na kelele. Akakichomoa. Kimya. Hapo akasikia kikohozi cha Fundi nje. Akazima betri, akateremka mbio, akarudi kwenye pipa lake. Kibonye akakiacha kimechomoza kidogo, kwa unene wa ukucha. Kitambaa hakuweka.

"Mbona umenyamaza, Chiriku?" Fundi Spana aliuliza. "Umemeza mfupa?"

"Nafanya hesabu, Babu."

"Hesabu gani hizo za kutoa jasho? Ungekuwa unalima, tungeshavuna."

Chiriku akacheka kicheko kisicho na mwenyewe. Akamwangalia Fundi akiwasha betri na kushusha magurudumu, honi kimya, naye asishtuke kwa kuwa alikwisha ipima, akihakikisha taa tatu za kijani, akiishusha ndege kutoka kwenye jeki. Akamwona akitafuta vitambaa. Hakuna. Ningoje aondoke, akawaza, nikirudishe kibonye polepole, pasijulikane kitu.

Lakini simu ikaita. Mahali pa mbali mama mjamzito alikuwa akitokwa na damu, na barabara ilikuwa imekatika. Mama akatoka ofisini mbio, akivaa koti huku anakwenda.

"Fundi, pana kitambaa?"

"Hapana. Safi kabisa!"

Mama alitakiwa apitishe vidole vyake mwenyewe juu ya kila kibonye. Ndivyo alivyofundishwa. Lakini alikuwa na haraka, na neno la Fundi Spana lilikuwa halijawahi kwenda kombo. Akachungulia kutafuta rangi nyekundu, hakuiona, akaketi.

"Mama," Chiriku aliita mlangoni.

"Nini mwanangu? Sema upesi."

Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. Angesikia. Angemfukuza bandani, na Mama angemtazama kwa yale macho yake.

"Safari njema," Chiriku akasema.

Ndege ikaruka. Magurudumu yakaingia tumboni, na ndani ya Chiriku kikaingia kitu kizito kuliko magurudumu.

Chiriku alipanda hadi chumba cha redio, kwa mwanamume mmoja mnene aliyeongea na marubani, ambaye watoto wote walimwita Mjomba. Akakaa kwenye kona. Mama hasahau, alijiambia. Honi ni ya wanaosahau, na Mama hajasahau hata siku moja. Aliyarudia maneno hayo mpaka yakaisha utamu kama muwa uliotafunwa. Mara mbili alisimama aseme. Mara mbili akaketi. Mjomba akamuuliza kama anaumwa tumbo, akajibu ndiyo, na sasa uongo ukawa na mdogo wake.

Jua lilikuwa limeinama redio ilipokoroma. Sauti ya Mama ilikuwa kavu. "Nimekaribia. Mgonjwa hali mbaya sana. Mumewe anapiga kelele, hatulii. Gari la wagonjwa liwe tayari."

"Lipo tayari, dada," Mjomba akajibu. "Lakini zunguka kidogo, kuna ndege mbele yako inatua."

Chiriku akasimama wima. Pale ndipo mahali pa Mama pa kushusha magurudumu. Alikuwa amesafiri naye, alipajua. Mkono wa Mama huenda kwenye swichi wakati huo huo, na sasa amekatizwa, azunguke, atazame ndege ya mwenzake, huku mtu anamlilia sikioni.

"Haya, njia nyeupe, dada. Njoo utue. Magurudumu?"

"Magurudumu chini, tatu kijani," Mama akajibu haraka haraka.

Chiriku akashusha pumzi. Unaona? Mama hasahau. Mjomba akaweka kipaza sauti mezani, akachukua simu kuongea na dereva wa gari la wagonjwa. Chiriku akasogea dirishani amwone mama yake akirudi.

Ndege ilikuwa inakuja, inashuka, inakua. Tumbo lake lilikuwa laini kama la samaki.

"Mjomba! Magurudumu hayapo!"

"Jua linakudanganya," Mjomba akasema bila kuinua macho, simu ingali sikioni. "Mama yako mwenyewe amesema yapo chini."

"Hayapo! Tazama!"

Mjomba akakunja macho, jua likampiga usoni, hakuona ila kivuli. "Mtoto, tulia. Yangekuwa juu, saa hii honi ingekuwa inampasua masikio."

Hapo Chiriku akaelewa. Mjomba hakuogopa kwa sababu ya honi. Fundi hakuogopa kwa sababu ya honi. Mama mwenyewe alikuwa anakuja ametulia, kwa sababu honi imenyamaza. Wote walikuwa wameegemea ukuta mmoja, na ukuta huo yeye ameubomoa, naye peke yake ndiye ajuaye.

"Honi haiwezi kulia!" Sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine. "Nimeichomoa mimi! Mimi, Mjomba, nilipanda ndege kwenye jeki nikachomoa fyuzi, sikusema! Mwambie Mama!"

Simu ikaanguka. Mjomba, ambaye kuinuka kwake kitini kulikuwa safari, aliruka. "Paa!" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Huna magurudumu! Paa tena! Paa!"

Redio haikujibu. Ndege ikaendelea kushuka. Chiriku alisikia mtu akisema "Mama, Mama, Mama," kumbe ni yeye mwenyewe. Majani kando ya njia yalianza kulala kwa upepo wa ndege. Mjomba akapaza tena, sauti imepasuka. Tumbo lile tupu lilikuwa juu ya lami kwa kimo cha mtu mzima, kisha cha mtoto.

Injini ikanguruma. Pua ikainuka. Ndege ikapita mbele ya dirisha, vioo vikatetemeka, ikapanda.

Kisha sauti ya Mama ikaja, ndogo sana. "Nimeona. Hakuna taa hata moja iliyowaka." Ndege ikainamisha bawa. "Nazunguka. Naanza upya toka mwanzo."

Safari hii Mjomba aliweka darubini machoni, akiwa amejikinga jua kwa kofia yake, na hakuuliza mtu, alitazama. "Yametoka," akasema. "Yote matatu." Chiriku hakuamini mpaka alipoona moshi mdogo, mpira ulipogusa lami.

Mgonjwa akapakiwa yungali hai, na gari likaondoka likilia njia nzima. Mama alibaki kwenye kiti chake. Fundi Spana akamfungulia mkanda. Chiriku akasimama mbele yao, akasema yote, toka betri hadi maumivu ya tumbo ya uongo. Hakukata hata kipande.

Fundi Spana akapiga goti, akasukuma kibonye. Kikaingia. Akabaki pale ameinama.

"Nilikuwa hapa hapa," akasema taratibu. "Ungeniambia, mjukuu wangu, ningekufokea mpaka jioni, na kazi ingekuwa hii tu. Kusukuma kwa kidole."

"Nisamehe, Babu."

"Kidole changu mwenyewe nacho kiliona uvivu. Nilitafuta kitambaa, sikutafuta kibonye."

Mama akamvuta Chiriku, akamshika mabega. Chiriku alitamani afokewe, lakini Mama hakufoka.

"Kupanda ndege ni utundu," alisema. "Utakuwa na adhabu yake, na haitakuwa tamu. Lakini utundu haukutaka kutuua. Kilichotaka kutuua ni neno ulilokaa nalo mdomoni alasiri yote, mimi niko hewani na mama wa watu. Kosa likisemwa mapema hurekebishwa na mtu mmoja. Likifichwa, hata kiwanja kizima hakitoshi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na mimi nisikilize. Nimesema uongo leo. Nilisema tatu kijani kwa sababu mdomo umezoea. Macho hayakwenda kutazama. Neno usilolihakiki kwa macho yako si kweli, hata ukilisema kwa moyo safi. Tangu sasa naigusa kila taa kwa kidole kabla sijatamka. Nikikatizwa, narudi mwanzo. Na vibonye navipapasa mwenyewe, hata mbingu zikianguka."

Akainuka. "Twende kwa mkuu wa kiwanja, sote watatu. Lazima ajue, ili na wengine wajifunze kabla halijawapata."

Mkuu wa kiwanja alikuwa mtu ambaye chafya yake tu iliwafukuza makarani. Mlangoni pake Fundi Spana alianza kutengeneza kola ambayo haikuharibika, na Mama akafunga upya vifungo vya koti. Wakatazamana nani atangulie.

Chiriku akapita katikati yao, akapiga hodi.