Kaki Saba za Maman Anne-Marie

Chumba kilinuka tunda lililoiva kupita kiasi, ilhali hapakuwa na tunda ila zile kaki saba za ukutani, za rangi ya chungwa, katika picha ya Kijapani iliyochapwa zamani kwa mbao za kuchonga. Onésime, aliyesomesha hesabu Bukavu kabla ya kuwa mlezi wa wazee ughaibuni, huko Ixelles, akazihesabu mara mbili. Sita.

Alijua mambo haya yalianza lini. Siku nane kabla, Maman Anne-Marie, mjane wa Lubumbashi mwenye miaka tisini na moja na akili inayopotea, alimnyoshea kiganja kitupu.

"Papa, kula. Ni tamu."

Mlezi habishani na mgonjwa wa namna hiyo. Onésime akatafuna hewa, akasema, "Merci, maman."

Tangu hapo hata kulala kwa muda wa saa tisa hakukumpunguzia uchovu hata chembe. Kilo nne zilikwisha kumtoka. Akaenda Molenbeek kwa Fahad, Mtanga auzaye vitabu vya dini na kuwasomea watu dua.

"Shikamoo, mzee," Fahad alisema, akamsikiliza mpaka mwisho. "Ulipokea kwa mkono wa kuume?"

"Ndiyo."

"Na ukashukuru! Umekula chakula cha jini, naye sasa anakula kwako. Akikupa tena, kataa mara tatu. Atakuachia, ila atamtafuta mwingine."

Kesho yake alasiri kiganja cha Maman Anne-Marie kikainuka, na harufu ikainuka nacho, nzito, ya sukari iliyoanza kuchacha, na nyuma ya picha kikasikika kitu kikitafuna polepole, bila pupa, kikinyamaza kila Onésime alipovuta pumzi na kuendelea kila alipoishusha.

"Papa, kula."

"Hapana, maman."

"Kula."

"Hapana."

"Kula."

"Nimekatala."

Mabega ya Onésime yakawa mepesi. Mkono wa mgonjwa ukageukia mlango, ambako Darlène, mwenzake aliyekuja kupokea zamu, alikuwa akivua koti.

"Basi kula weye, mutoto."

"Bon, leta, maman," Darlène akacheka. "Mi niko na njaa."

"Darlène, usikule!" Onésime alinong'ona.

"Tonton, si ni weye ulinifundisha, mugonjwa hatumubishie?"

Vidole vya Darlène vilibakiza sentimita ishirini kukifikia kiganja. Onésime akapiga hesabu: yeye, miaka sitini na moja; watoto wa Darlène wawili, wa mwisho bado ananyonya. Akainama juu ya kile kiganja, akala.

Safari hii ilikuwa tamu.