Kiboko Atapigwa Kesho

Kila siku Mwaija alipotoka shuleni alipita mtoni kuchota maji, kisha akaenda shambani kumsaidia bibi yake, Bi Mwantumu, kupalilia mahindi. Enzi hizo nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na kijiji chao kilikuwa karibu na Korogwe, kando ya mto Pangani, mahali ambapo udongo una rutuba na viboko wana njaa. Mwaka ule kiboko dume mmoja alikuwa amekwisha kula robo ya shamba la Bi Mwantumu, na bibi huyo hakuwa na shamba jingine. Kwa hiyo wanaume wa kijiji, wakiongozwa na Mzee Mwinjuma, walipokezana kukesha kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mashamba, wakipiga madebe ili kumfukuza.

Siku moja Mwalimu Dunstan, aliyekuwa na kamera yake ya kisanduku, alimwita Mwaija baada ya masomo.

"Mwambie Mzee Mwinjuma kwamba kesho alfajiri nitakuja kumpiga picha kiboko wenu. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Mwaija akatoka mbio. Karibu na kijiji alimkuta Mama Hajira, jirani yao, akianika mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio hivyo?"

"Nina ujumbe wa Mzee Mwinjuma. Kesho Mwalimu Dunstan anakuja kumpiga kiboko..."

Kabla hajavuta pumzi amalizie, Mama Hajira alipiga vigelegele. "Alhamdulillahi! Mwalimu amepata bunduki!"

Majirani wakatoka. Mmoja akampa Mwaija kipande cha muwa, mwingine akamwita mjumbe wa heri. Mwaija alijua fika kwamba neno moja lilikuwa limebaki mdomoni. Alikusudia kulisema, kweli alikusudia. Lakini muwa ulikuwa mtamu, na sifa zilikuwa tamu kuliko muwa, basi akalimeza neno hilo.

Jioni habari zilimfikia Mzee Mwinjuma, mkuu wa walinzi, naye akawaita vijana wake.

"Wekeni madebe chini," alisema. "Kiboko atapigwa kesho. Miezi miwili nimelala juu ya miti, mgongo umepinda kama mundu. Leo nalala kitandani kwangu!"

Vijana wakashangilia. Mwaija aliyatazama mahindi ya bibi yake, ambayo yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Bila mlinzi, asubuhi yangebaki mabua matupu. Aliingiwa na hofu na haya. Hata hivyo alisogea mbele za watu.

"Mzee, naomba kusema. Mwalimu hana bunduki. Alisema atampiga picha."

"Atampiga nini?"

"Picha, mzee. Mimi nilijua, lakini watu walifurahi, nikanyamaza. Nisameheni."

Mzee Mwinjuma alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Lo! Kiboko apigwe picha, na sisi tupigwe na njaa! Haya vijana, chukueni madebe. Kitanda kitanisubiri."

Usiku ule kiboko alikuja, akapokewa kwa kelele, akarudi mtoni bila kuonja hata jani. Kulipopambazuka Mwalimu Dunstan alimkuta ukingoni, amepanua kinywa, na nyuma yake mahindi. Akampiga picha moja nzuri sana. Walipomsimulia habari za Mwaija, mwalimu naye alicheka, kisha akaipeleka picha hiyo pamoja na barua ya kuomba msaada kwa Bwana Nyama, kama watu walivyomwita mkuu wa idara ya wanyama. Haukupita mwezi, akaja mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuchimba handaki refu kati ya mto na mashamba. Kijiji kizima kilichimba, na kiboko akarudia majani yake ya ng'ambo.

Siku ya kuchoma mahindi ya kwanza, Bi Mwantumu alimpa mjukuu wake hindi kubwa kuliko yote.

"Mwaija, ujumbe ni amana," alisema. "Ukipewa mzima, ufikishe mzima. Wewe ulimeza neno moja tu, na kiboko angemeza shamba zima. Lakini ulilitoa mapema, mbele za watu wazima, ingawa uliona haya. Ndiyo maana leo tunatafuna sisi, hatafuni yeye."