Mzigo Uliozuiliwa Forodhani

Kitu cha kwanza Yorleny alichokiona kilikuwa mkia. Anwani ya mtumaji wa barua pepe ilianza vizuri, kwa jina la kampuni ya vifurushi, kisha kikafuata kistari na herufi za nchi asiyoijua.

"Huu mkia unaonekana," alisema, kwa sauti ndogo.

"Nani anasoma mikia?" Kaka yake, Keilor, hakugeuka kutoka kwenye kompyuta. "Mtu akiona neno mzigo, moyo unamdunda. Macho hayaoni tena."

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la kuziba pancha, mjini Desamparados. Kahawa. Wali na maharage. Wílber, mwenye duka, aliweka bastola kando ya sahani kama mtu anayeweka kijiko.

Mchongo ulikuwa mfupi. Leo bonasi ya Desemba inaingia benki, nchi nzima. Barua pepe zinatoka: mzigo wako umezuiliwa forodhani, lipia ushuru kabla ya saa sita mchana, la sivyo unarudi Miami. Anayebonyeza anakuta ukurasa unaofanana na wa kampuni. Anaandika namba za kadi na ya simu. Benki inamtumia namba ya siri kwenye simu. Hapo Yorleny anampigia, anaiomba.

"Kwa nini mimi?"

"Una sauti ya mtu asiyeweza kuiba hata ndizi," Wílber alisema.

Walicheka. Yorleny hakucheka, wala hakuumia. Tangu Keilor amtoe darasa la tano aje kushika matairi, vitu vingi vilikuwa vinampita hivyo.

Saa nne. Samaki walinasa. Muuza maua. Mama mjamzito aliyesubiri kitanda cha mtoto. Yorleny aliomba, wakampa. Ilikuwa kama kumenya viazi.

Wílber alipotoka kukojoa, Keilor aliinama. "Hela inaingia kwangu, siyo kwake. Jioni tunaondoka, mimi na wewe. Umesikia?"

Aliitikia kwa kichwa.

Saa tano. Jina jingine. Akapiga.

"Binti, ni mashine yangu ya masikio?" Sauti ya kizee, kubwa, yenye furaha. "Mwanangu kaituma toka New Jersey. Nimelipa kwa kadi ya pensheni, sina nyingine."

"Ndiyo, mama. Naomba namba uliyotumiwa."

"Kwanza mwelekeze dereva. Kutoka kanisani, mita mia mbili kusini, geti la kijani, mkabala na palipokuwa na duka la mikate lililoungua. Mbona hamkuuliza? Wenzenu huuliza hilo kabla ya salamu."

Geti la kijani. Yorleny alilijua. Mwalimu Elidieth. Ndiye aliyekuja dukani wakati ule, siku tatu mfululizo, akasimama kati ya matairi, akamsihi Keilor amrudishe mtoto shule.

"Haya, andika. Nane, nne..."

"Ngoja, mwalimu."

Neno lilitoka lenyewe. Keilor aligeuka. Wílber, aliyekuwa mlangoni, alifika mezani kwa hatua moja.

"Mwalimu nani?" Wílber alinong'ona. "Unamjua huyo?"

Chuma kikamgusa kisogoni. Kilikuwa baridi. Hakuna zaidi.

"Dada," Keilor alisema, midomo imemkauka. "Malizia namba. Yorle, nakuomba."

"Nani ananiita mwalimu?" simu iliuliza.

Yorleny alijibu. Sauti yake haikufika hata mwisho wa meza.

"Sikusikii, mwanangu. Paza sauti."

Hakuwahi kupaza sauti maishani. Wala katika chumba kile hakuna aliyewahi kuitaja kazi yao kwa jina lake. Walisema mchongo, walisema samaki. Alivuta pumzi, akaikumbatia simu kwa mikono miwili.

"Hakuna mzigo, mwalimu! Usimpe mtu namba hiyo, hata mimi! Wapigie benki sasa hivi! Sisi ni wezi!"