Makopo ya Jumamosi

Soko lilikuwa limejaa Jumamosi ile asubuhi. Dada mmoja mwenye gauni la kijani alikuwa ameinamia kikapu cha nyanya, anachagua mpaka ikabaki moja, nayo imepasuka. Nyuma yake kaka wa ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni, alikuwa anasubiri zamu yake.

"Dada, una harusi leo?"

"Nina wiki," alijibu bila kugeuka.

"Wiki gani inakula nyanya zote hizo?"

Ndipo akageuka. Yalikuwa macho ya mtu asiyelala vya kutosha, lakini mazuri, na kaka wa watu akasahau alichofuata sokoni.

Dada huyu alikuwa muuguzi. Nyumbani alikuwa na mama yake mwenye presha na watoto watatu wa marehemu dada yake, waliomwita mama mdogo. Zamani akitoka kazini aliingia jikoni, akitoka jikoni alianguka kitandani, na ndivyo mwaka uliopita alivyofeli mtihani wa ukunga. Aliapa hautamshinda tena. Sasa kila Jumamosi alichemsha maharage ya wiki nzima, akakaanga vitunguu na nyanya kwa mkupuo mmoja, akagawa kwenye makopo na kubandika karatasi: Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa, kisha akayapanga kwenye friza. Jioni ilibaki kupasha moto na kupika wali. Baada ya nusu saa watu wameshakula, yeye yuko na vitabu vyake.

"Na friza ikikuharibikia?" kaka aliuliza alipoelezwa hayo.

"Usiniombee mabaya."

"Mimi ni fundi friji. Chukua namba, roho yako itulie."

Friza haikuharibika, lakini alimpigia. Mwezi wa tatu tangu wajuane, fundi alikuwa anamwita mpenzi wangu wa dakika kumi, maana ndizo alizopewa kwenye simu kila jioni kabla vitabu havijafunguliwa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula Jumatano. Tamu kweli. Pole wewe usiye na Jumatano."

Wiki ya mtihani ikafika. Jumapili dada akiwa zamu, fundi alipita kumsalimu mama, akaona friza imejaa barafu nene. Akaona amfanyie mpenzi wake hisani. Alichomoa waya, akayeyusha barafu yote, akafuta mpaka ndani kukang'aa, akarudisha makopo kwa mpangilio wa siku. Mara mteja akapiga simu. Fundi akaaga mbiombio, na waya ukabaki sakafuni.

Jumatatu jioni dada alifungua friza, harufu chachu ikampiga usoni.

"Fundi, ulichomeka waya?" aliuliza kwenye simu.

"Waya?"

"Nakuuliza wewe."

"Mungu wangu. Nilisahau."

"Umenimwagia wiki nzima. Mtihani ni Ijumaa."

"Nitawaletea chakula cha hotelini kila siku."

"Mama haruhusiwi chumvi nyingi. Hata hilo hulijui? Usinipigie tena."

Alilia kwa hasira. Kisha akanawa uso, akaanza kukata vitunguu, kitabu amekiegemeza kwenye sufuria.

Jumanne jioni mlango uligongwa. Alikuwa fundi, shati jeupe lililopigwa pasi, mikono ya shati imekunjwa, amebeba mfuko wa vitunguu.

"Sikuja kubembeleza," alisema. "Nimekuja kupika. Wewe kasome."

"Unajua kupika?"

"Sijui."

"Mwache, mwanangu," mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nitamsimamia mimi."

Dada alitamani kumfukuza. Lakini kurasa zilikuwa nyingi na siku tatu tu, basi akachukua vitabu vyake. Kutoka chumbani alimsikia mama: "Hicho ni kitunguu au tofali? Kata vyembamba, baba." Watoto wakacheka. Maharage yaliungua kidogo. Dada alikula, na sahani akaimaliza.

Fundi alikuja Jumatano, akaja Alhamisi. Hakumsemesha. Alipika, akaosha masufuria, akamuaga mama, akaondoka.

Ijumaa dada aliandika mpaka dakika ya mwisho. Aliporudi alifungua friza, akakuta kopo moja lenye mwandiko mbaya wa fundi: Ijumaa, watu sita.

Akapiga simu.

"Fundi, hesabu zako mbovu. Humu ndani tuko watano."

"Najua."

"Umeandika sita."

"Hilo pia najua. Dakika kumi hazinitoshi. Nataka kukuoa, nile Jumatano na siku zote. Kama hutaki, andaa sahani tano, nitaelewa."

Dada alilitazama lile kopo. Alimpenda, na hasira ilikuwa imemwisha tangu Jumatano, ila alikuwa hajamwambia.

"Mtihani hujaniuliza."

"Naogopa kuuliza."

"Nimeuweza. Uko wapi?"

"Nje, hapa mlangoni."

Alikwenda kwanza kabatini, akahesabu sahani sita, akampa mtoto mkubwa azipange mezani. Ndipo akafungua mlango.

"Ingia," alisema. "Ila waya wa friza hutaugusa mpaka tuzeeke."